Kucheza Video za Leo kwenye Kompyuta ya Windows 98

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye kompyuta ya mwishoni mwa miaka ya 1990 ambayo bado inawaka, na anayetaka ionyeshe video iliyopigwa kwa simu ya leo. Mashine ninayoitolea mfano ni Pentium II ya megahezi 350 yenye RAM ya megabaiti 128 na Windows 98 toleo la pili, lakini hatua hizi zinafaa pia kwa Pentium MMX, kwa Celeron za wakati ule na kwa AMD K6-2. Utahitaji kompyuta ya kisasa pembeni, iwe ya Windows, Linux au Mac, kwa sababu kazi nzito yote itafanyika huko.

Wengi huanza kwa kutafuta kicheza video kipya kitakachokubali kusakinishwa kwenye mashine ya zamani. Huko ni kupoteza muda, na hesabu ndogo inatosha kuonyesha sababu. Video ya simu yenye vipimo vya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600 katika kila fremu, na kwa fremu 30 kila sekunde hizo ni zaidi ya pikseli milioni 62. Prosesa ya megahezi 350 ina mizunguko milioni 350 kwa sekunde, kwa hiyo kila pikseli inaambulia mizunguko isiyofika sita, na ndani ya hiyo michache prosesa inatakiwa isimbue picha, ibadilishe rangi, itoe sauti na iendeshe Windows yenyewe. Hakuna programu itakayoweza hilo, hata iandikwe na fundi hodari namna gani. Video za simu hubanwa kwa kodeki (njia za kubana na kufungua video) za H.264, iliyopitishwa mwaka 2003, na HEVC, ya mwaka 2013, na simu zenyewe huzimudu kwa kuwa zina chipu maalumu ya kazi hiyo.

Njia iliyo sahihi ni kuibadilisha video iwe katika muundo ambao mashine hiyo iliujua tangu ilipotoka kiwandani. Muundo huo ni MPEG-1, uliochapishwa kama kiwango mwaka 1993 na ndio uliokuwa ndani ya VCD, yaani CD za filamu, zilizokuwa zikiuzwa kila kona kabla ya DVD kushuka bei. Windows 98 inausoma bila kuongezewa chochote. Picha ya 320 kwa 176 yenye fremu 25 kwa sekunde ina pikseli 1,408,000 tu kila sekunde, na hapo kila pikseli inapata karibu mizunguko 250.

Hatua ya 1: Lijue faili lako

Sakinisha FFmpeg kwenye kompyuta ya kisasa. Ni programu ya bure inayoendeshwa kwa kuandika amri, na ndani yake kuna nyingine ndogo iitwayo ffprobe. Fungua dirisha la amri ndani ya folda yenye video, kisha andika, ukiweka jina la faili lako mahali pa harusi.mp4:

ffprobe -hide_banner harusi.mp4

Katika mstari unaoanza na neno "Video" angalia mambo matatu: vipimo vya picha, idadi ya fremu kwa sekunde, na kama kuna maandishi "bt2020". Ukiyaona maandishi hayo, video yako ilipigwa kwa HDR (mfumo wa mwanga na rangi pana zaidi), na ukiibadilisha hivihivi rangi zitafifia, nyuso za watu zikawa kama zimepakwa majivu. FFmpeg ina kichujio cha kurekebisha hali hiyo, kiitwacho tonemap, ila amri yake ni ndefu na matokeo hutegemea mwanga wa siku ile. Kama bado hujapiga video, zima HDR kwenye mipangilio ya kamera na tatizo halitakuwepo.

Hatua ya 2: Badilisha dakika moja kwanza

Usianze na faili zima. Kata dakika moja, tena chagua sehemu yenye pilikapilika kama ngoma au watu wanaocheza, kwa maana sehemu tulivu haitakuonyesha udhaifu wa mashine.

ffmpeg -ss 00:05:00 -i harusi.mp4 -t 60 -vf scale=320:176 -r 25 -c:v mpeg1video -b:v 1000k -maxrate 1150k -bufsize 320k -c:a mp2 -b:a 192k -ar 44100 -ac 2 JARIBIO.MPG

Kipande cha "-ss" kinaamuru kazi ianzie dakika ya tano, na "-t 60" kinaifikisha kikomo baada ya sekunde 60. Kipimo cha 176 huwashangaza watu, kwa sababu hesabu ya uwiano wa 16 kwa 9 ingetoa 180. MPEG-1 huigawa picha katika miraba ya pikseli 16 kwa 16, na 180 haigawanyiki kwa 16 bila kubaki. Mkunjo unaotokea ni wa asilimia mbili hivi na hakuna atakayeuona. Kwa video iliyopigwa simu ikiwa wima, tumia scale=160:288; FFmpeg itaigeuza picha yenyewe kwa kufuata alama ya mzunguko iliyomo ndani ya faili.

Kipande cha "-r 25" usikiache. Simu nyingi hurekodi kwa kasi ya fremu inayopandashuka, ilhali MPEG-1 inakubali kasi chache zilizopangwa, kama 24, 25, 29.97 na 30. Ukijaribu 15 kwa nia ya kuipunguzia mashine mzigo, FFmpeg itakataa kata kata. 25 inafaa mashine zote, ila kwa zilizo juu ya megahezi 300 unaweza kuweka 30, kwa sababu kushusha kutoka 30 hadi 25 huifanya picha ishtukeshtuke kidogo pale kamera inapozunguka.

Sauti nayo ina masharti yake. Sauti ya AAC inayotumiwa na simu haisomeki kwenye Windows 98 kama ilivyo, ndiyo maana tunaigeuza kuwa MP2, muundo wa sauti unaoandamana na MPEG-1, yenye njia mbili. Kiwango cha hezi 44,100 nacho si cha kubahatisha: ndicho cha CD za muziki, na kadi za sauti za miaka ile zilikimudu. Jina la faili nimeliandika kwa herufi zisizozidi nane na kiambatisho cha herufi tatu, desturi ya DOS ambayo Windows 98 hailazimishi, lakini inakuepusha na majina yaliyokatwa na kuwekewa alama ya wimbi.

Hatua ya 3: Peleka faili kwenye mashine ya zamani

Njia ya kuaminika zaidi ni CD. Choma CD-R ya kawaida ya data kwa kasi ndogo, na uiache CD-RW (ile inayoweza kufutwa na kuandikwa tena), maana visomaji vingi vya kabla ya mwaka 1997 haviioni. Faili tulilotengeneza linahitaji takribani kilobaiti 150 kwa sekunde, sawa na kasi ya kwanza kabisa ya visomaji vya CD, kwa hiyo linaweza kuchezwa humohumo ndani ya CD bila kunakiliwa.

Flashi ni kishawishi kinachochosha. Windows 98 haina draiva ya jumla ya flashi, na hata ukiipata, USB ya wakati huo ni ya megabiti 12 kwa sekunde.

Kama mashine ina kadi ya mtandao, napendelea FTP (njia ya zamani ya kuhamisha mafaili) kuliko kushirikisha folda, kwa sababu Windows za sasa zimezima toleo la kwanza la SMB, mfumo wa kushirikisha folda, kwa usalama na sioni sababu ya kuliwasha tena. Kwenye kompyuta ya kisasa yenye Python, sakinisha pyftpdlib, seva ndogo ya FTP, kisha ndani ya folda yenye video andika:

python3 -m pyftpdlib

Kwenye Windows 98 fungua MS-DOS Prompt, andika ftp, halafu amri hizi moja baada ya nyingine, ukiweka anwani ya kompyuta yako:

open 192.168.1.10 2121
binary
get JARIBIO.MPG
bye

Ukiulizwa jina jibu "anonymous", na nenosiri liwe lolote. Amri ya "binary" ndiyo roho ya zoezi zima. Bila hiyo, programu ya ftp ya Windows hudhani inasafirisha maandishi na kuchezea baiti inazodhani ni miisho ya mistari. Faili litafika likiwa na ukubwa unaokaribiana na wa asili, lakini picha itajaa miraba ya kijani na sauti itakwaruza. Ukimaliza, funga seva hiyo, na usiiache Windows 98 ikiwa wazi kwenye intaneti.

Hatua ya 4: Iandae mashine yenyewe

Anza na draiva ya kadi ya picha. Ukiona Windows inaonyesha rangi 16 pekee, inatumia draiva ya VGA ya akiba, na hapo video haitapendeza hata uifanyeje. Sakinisha draiva ya kadi husika, kisha weka skrini kwenye 800 kwa 600 na rangi za biti 16.

Sababu ya kung'ang'ania draiva ni huduma iitwayo overlei. Kadi nyingi za kuanzia mwaka 1997 hivi zinaweza kupokea picha ikiwa bado katika mfumo wa rangi wa video, kisha kadi yenyewe ikabadilisha rangi na kuikuza picha ijaze skrini. Prosesa inapumzishwa kazi kubwa sana. Kuihakiki ni rahisi: video ikiwa inacheza, bonyeza Print Screen, funga kicheza video, halafu bandika ulichonasa ndani ya Paint. Mahali pa video pakiwa na rangi moja tupu, nyeusi au ya waridi kali, overlei inafanya kazi. Ukiiona picha yenyewe imenaswa, prosesa ndiyo inayochora kila pikseli. (Ukisahau kufunga kicheza kwanza, video inaweza kuonekana ikicheza ndani ya Paint, kioja ambacho kila fundi anapaswa kukiona angalau mara moja.)

Kisha washa DMA, njia ya diski kupeleka data kwenye kumbukumbu bila kuishughulisha prosesa. Nenda Control Panel, System, Device Manager, fungua Disk drives, chagua diski yako, na katika ukurasa wa Settings weka alama kwenye kisanduku cha DMA. Rudia kwa kisomaji cha CD. Pasipo alama hiyo, prosesa ndiyo inayobeba data kutoka kwenye diski kidogokidogo, na video itakwamakwama kila baada ya muda mfupi hata kama vipimo vyake ni vidogo. Nakili mafaili yako muhimu kabla ya kuwasha upya, kwani zipo mbao mama chache zisizoivumilia. Mashine ikigoma, ingia kwa Safe Mode na uondoe alama.

Hatua ya 5: Faili zima

Jaribio likicheza bila kushtuka, rudia amri ileile ukiondoa "-ss" na "-t". Saa moja itachukua takribani megabaiti 540, kwa hiyo CD moja inatosha. Kama una manukuu, yachomee ndani ya picha wakati wa kubadilisha, ukitanguliza kupunguza vipimo ili herufi zisisagike; weka hiki mahali pa kipande cha "-vf" kilichopo:

-vf "scale=320:176,subtitles=harusi.srt"

Mashine yenye nguvu zaidi, tuseme Pentium III ya megahezi 800 yenye Windows XP, inastahili kitu bora. Hiyo ipe MPEG-4 ya aina ya Xvid ndani ya AVI, kwa 640 kwa 360, na usakinishe ffdshow, kifurushi cha kodeki, ili iisome:

ffmpeg -i harusi.mp4 -vf scale=640:360 -r 25 -c:v mpeg4 -vtag XVID -q:v 5 -c:a libmp3lame -b:a 128k -ar 44100 -ac 2 HARUSI.AVI

Tahadhari na matoleo mapya ya programu kwenye prosesa hizo: mengi yametengenezwa yakitarajia maagizo ya prosesa yaitwayo SSE2, ambayo yalikuja na Pentium 4 mwaka 2000. Kwenye Pentium III programu ya namna hiyo hufunguka na kufungika papo hapo.

Kwa 486 yenye Windows 95, hata MPEG-1 ni mzigo. Kilichobaki ni Cinepak, kodeki inayokuja na Windows 95 yenyewe:

ffmpeg -i harusi.mp4 -t 120 -vf scale=160:88 -r 15 -c:v cinepak -c:a pcm_u8 -ar 22050 -ac 1 HARUSI.AVI

Picha itakuwa ndogo na yenye madoadoa, na vipimo vyote viwili lazima vigawanyike kwa nne. Kusimbua Cinepak ni kazi nyepesi mno, lakini kuitengeneza ni kinyume chake: hata kompyuta ya leo itatoka jasho, ndiyo maana nimeweka kikomo cha dakika mbili. Ukitaka ndefu zaidi, anzisha kazi jioni na uiache usiku kucha.