Kusoma masafa ya redio kwenye ramani za anga za Marekani bila kuyachanganya

Kwenye ramani ya anga ya VFR, yaani ya kuruka kwa kuona, inayotolewa na FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, uwanja mmoja unaweza kuandikiwa namba tatu za redio zinazofanana sura. Moja ni ya kuongea na mnara wa kuongozea ndege, moja ya kusikiliza tu, na ya tatu ni ya watu wa mafuta. Ukishika isiyo yake, redio haikuonyi. Utatangaza kwamba unaingia kutua, sauti itatoka vizuri, na rubani aliye mbele yako hatasikia neno.

Chukua mistari kama hii, ilivyo kwenye ufunguo wa ramani:

CT – 118.3 ★ Ⓒ ATIS 123.8
285 L 72 122.95

CT 118.3 ni mnara, na nyota inasema mnara haufanyi kazi saa zote 24. ATIS ni matangazo yaliyorekodiwa, hutoa hali ya hewa na njia ya kurukia inayotumika, usiongee humo. 285 ni mwinuko wa uwanja kwa futi, L ni taa, 72 ni njia ndefu kuliko zote, futi 7,200. Namba ya mwisho, 122.95, ni UNICOM: mafuta, maegesho, usafiri wa kutoka uwanjani.

Alama ya kutafuta kwanza ni C ndani ya duara. Namba iliyobeba C ndiyo CTAF, masafa ambayo marubani hutangaziana wenyewe. Hapa mnara ukifungwa unabaki 118.3, huhamii 122.95. Wengi hukosea kwa mazoea: kwenye viwanja vidogo visivyo na mnara, UNICOM ya 122.8 mara nyingi ndiyo CTAF pia, kwa hiyo mwanafunzi anazoea kuchukua namba ya mwisho kwenye mstari. Fuata C, usifuate mahali namba ilipokaa.

Nyota ikiwa kabla ya L haihusu mnara. Inasema taa zina masharti, mara nyingi kwamba rubani huziwasha mwenyewe kwa kitufe cha maikrofoni: mara 7 ndani ya sekunde 5 kwa mwanga mkali, 5 kwa wa kati, 3 kwa hafifu. Zikigoma, shuku masafa kabla ya kushuku taa. Kwa kawaida ni CTAF, lakini si kila uwanja; jibu liko kwenye kitabu cha FAA kiitwacho Chart Supplement.

Herufi R juu ya kisanduku cha VOR, kituo cha redio cha ardhini cha kuonyesha njia, mfano 122.1R, inamaanisha kituo cha huduma za ndege kinapokea tu hapo. Unaongea kwa 122.1, unasikiliza jibu kwenye masafa ya VOR, kwa hiyo ongeza sauti ya redio ya NAV, inayopokea VOR. Namba ya VOR ikipigiwa mstari chini, haina sauti ya mtu.

Kabla ya kuruka, andika kwenye karatasi ya gotini, kwa mpangilio utakaozitumia: ATIS, mnara, CTAF, na masafa ya uwanja wa akiba. Linganisha kila namba na Chart Supplement, kisha soma NOTAM, yaani taarifa za mabadiliko kwa marubani. Ramani na kitabu hicho hutolewa kila siku 56, na mabadiliko ya katikati huja kwa NOTAM. Angalia pia saa za mnara. Chart Supplement huziandika kwa UTC, saa za pamoja za dunia, na alama ya ‡ inasema wakati wa majira ya joto zirudishe nyuma saa moja. Andika kwa tarakimu nne: ukiandika “saa moja” kwa mazoea ya Kiswahili, mwenzako anaweza kuisoma 0100 badala ya 0700.

Redio za zamani hukata tarakimu ya mwisho. 124.425 ya ramani itaonekana 124.42, na iko sawa.

Ukiwa maili 10 kutoka uwanjani, tangaza. Taja jina la uwanja mwanzoni na mwishoni, kwa sababu viwanja vingi hugawana 122.8, na ndege iliyo futi 2,500 juu ya ardhi tambarare husikika hadi kama maili 60 za baharini. Masafa sahihi peke yake hayatoshi. Huko Quincy, Illinois, tarehe 19 Novemba 1996, ndege ya Beech 1900 iliyokuwa inatua iliuliza kama ndege ya King Air iliyo kwenye njia inayokatiza ingesubiri. Aliyejibu alikuwa rubani wa Cherokee, ndege ndogo iliyokuwa nyuma ya King Air, na sehemu ya jibu ilifunikwa na sauti ya onyo ya ndani ya Beech. Marubani wa Beech wakadhani King Air ndiyo iliyojibu. Zikagongana, watu 14 wakafa. Jibu lisilo na jina, au lililokatika, uliza tena kabla ya kutua.

Kimya kwenye CTAF hakimaanishi anga ni tupu. Baadhi ya ndege hazina redio. Kagua sauti, na kama maikrofoni iko COM 1 au COM 2, redio mbili za kuongelea, kisha angalia nje kwa macho. Kwenye uwanja wenye mnara uliofunguliwa, usipojibiwa usiingie eneo lake. Rudi kwenye masafa ya mwisho uliyojibiwa uombe namba, na ukishindwa kabisa, tumia 121.5, masafa ya dharura.