Somo: manukato ya miti na viungo kwa mwanamme, na mtu yanayempendeza

Assalamu alaykum ndugu zangu. Wengi mmeniuliza kuhusu manukato ya kiume yanayonukia miti na viungo, basi leo tukae kitako tulisome jambo hili. Sisi wa Unguja na Pemba hatuko wageni hapa. Karafuu imo visiwani tangu mwanzoni mwa karne ya 19, na mtoto wa Pemba huijua harufu yake kabla hajajua kusoma.

Hatua ya 1: Jua unachokinusa
Manukato hayanukii namna moja kutwa nzima. Kwanza hutoka harufu nyepesi: chungwa, ndimu, pilipili manga, iliki. Hizo haziketi. Zikiondoka hubaki karafuu, mdalasini na kungumanga, na chini kabisa, mpaka usiku, ndiko iliko miti: sandali, mwerezi, udi. Chukua Terre d'Hermès ya Ufaransa, iliyotungwa na Jean-Claude Ellena mwaka 2006. Inaanza na chungwa na balungi, inapita kwenye pilipili, inatua kwenye mwerezi na mizizi ya nyasi ya vetiva. Anayeinunua kwa ajili ya chungwa amenunua nusu saa tu.

Hatua ya 2: Mtazame mtu kabla ya chupa
Hapa ndipo penye somo lenyewe.

Babu yangu wa Chake Chake hakuwahi kuwa na chupa ya marashi. Kanzu yake ya Ijumaa ilikaa sandukuni pamoja na kifuko cha karafuu kavu, na asubuhi bibi akiifukiza udi, chetezo chini, kanzu imetandazwa juu ya tenga. Babu akipita barazani harufu haikumtangulia. Mpaka umwinamie kumpa mkono ndipo uisikie: karafuu kwanza, kisha moshi wa udi, kisha kitu kama ubao uliorandwa sasa hivi. Na mwenyewe alikuwa hivyo hivyo. Maneno yake machache, lakini ukikaa naye unayapata.

Manukato haya yanampendeza mtu wa namna hiyo: mtulivu, msikilizaji, asiye na pupa, ambaye akisema "nitakuja saa kumi" anakuja saa kumi. Umri si hoja. Nimekutana na vijana wa miaka ishirini na kitu wanaoyabeba vizuri kuliko wazee wao. Kama wewe ni mchangamfu, mtu wa watu, tafuta yenye iliki, tangawizi na chungwa kwa wingi na miti kidogo. Mkimya atapendeza na sandali na mwerezi. Udi mzito pamoja na karafuu namwachia anayebeba majukumu ya watu, naye atie kidogo sana. Mwenye sauti kubwa akijimwagia udi mkali huwachosha walio karibu naye.

Hatua ya 3: Jaribu kwenye ngozi, na usiharakishe
Niliwahi kununua chupa sokoni Darajani kwa kunusa kikaratasi tu. Ilinukia pilipili manga safi. Ilikuwa kaskazi, na kufika Adhuhuri mwilini mwangu ilibaki harufu ya sukari iliyoungua. Fedha yangu ilikwenda.

Tangu siku hiyo napaka tone moja kwenye kifundo cha mkono, sisugui, naondoka. Nakunywa kahawa, nasali Alasiri, ndipo nanusa tena. Nikiipenda wakati huo, narudi kununua. Na usijaribu zaidi ya mbili kwa siku, pua huchoka.

Hatua ya 4: Ukitaka, changanya mwenyewe
Chukua kichupa cha mililita 10, ujaze mafuta ya jojoba ukiacha nafasi kidogo. Tia matone 12 ya sandali, 6 ya mwerezi, 2 ya iliki na 1 la karafuu. Moja tu, nasisitiza. Mafuta ya karafuu kwa sehemu kubwa ni eujenoli, ndiyo kemikali inayoipa karafuu harufu yake, na eujenoli huunguza ngozi ikizidi. Kwetu yako ya aina mbili: ya karafuu yenyewe, na ya makonyo, yaani vijiti vinavyoshika karafuu, kama yanayotengenezwa Wawi, Pemba. Ya makonyo ni makali zaidi puani. Kwa manukato mimi nachagua ya karafuu. Funga, weka kabatini penye giza wiki mbili. Ukinusa siku ya kwanza utaona kila kitu kiko mbalimbali, vumilia.

Hatua ya 5: Kiasi
Kaskazi, mpulizo mmoja kifuani chini ya nguo unatosha, maana joto huamsha viungo. Kipupwe unaweza kufika mitatu. Mafuta yapake mwilini, usipake kanzu nyeupe. Doa lake halitoki kirahisi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Wete): Kaka, harufu naisikia dakika kumi tu kisha inapotea. Nimeuziwa feki?
Jibu: Huenda ni pua yako imeizoea tu, mdogo wangu. Usiongeze. Baada ya saa mbili muulize mtu wa nyumbani kama bado unanukia.

Swali (Mkoani): Nilipaka mafuta ya karafuu matupu shingoni, pamekuwa pekundu na panawasha.
Jibu: Pole sana. Pafute kwa mafuta ya nazi, kisha osha kwa sabuni na maji mengi. Pakitoka malengelenge nenda hospitali. Na usipake tena bila kuchanganya.

Swali (Mwanakwerekwe): Sheikh, marashi yenye spiriti naweza kusalia?
Jibu: Mimi si sheikh, ndugu yangu. Wanavyuoni wamehitilafiana, muulize mwalimu wako. Moyo ukiwa na shaka, mafuta mazuri yasiyo na spiriti yapo tele, na harufu ya miti hukaa vizuri zaidi kwenye mafuta.

Swali (Nungwi): Mume wangu ni mvuvi, hapendi makeke, na hajawahi kujitia manukato. Nimnunulie nini?
Jibu: Dada yangu, anza na mchanganyiko wa hatua ya 4, usiongeze udi kabisa, na karafuu iwe hilo tone moja. Mpake kidogo nyuma ya sikio jioni akishaoga na chumvi ya bahari imetoka, si asubuhi anapokwenda pwani. Mwache alale nayo. Asubuhi unuse mto wake. Ukiupenda, mjazie kichupa.