Jinsi ya kuandika wasifu wa ndugu aliyetoka Kakuma akavaa kombati ya Marekani

Kama familia imekuchagua wewe uandike wasifu wa marehemu, mmoja wa wale vijana waliotembea kutoka Sudan wakalelewa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, wakapelekwa Marekani, akaingia jeshi na baadaye akafanyia serikali kazi huko, tafadhali usianzie kwa ile picha ya yunifomu. Weka kwa kava, mama anaipenda, lakini maandishi yaanzie mbali. Hapa Nakuru nimekaa kwa ibada za ukumbusho za hawa ndugu zetu wa Sudan Kusini na karibu kila wasifu unaruka, alizaliwa kijijini, vita ikaja, paap yuko Marekani amepiga saluti. Ile miaka yote ya kambi imemezwa na sentensi moja na ndiyo ilimtengeneza.

Anza kwa kupanga miaka kwa karatasi. Wengi wa rika hilo walikimbia kwao 1987 hivi wakaenda Ethiopia, kambi kama Pinyudo na Itang, halafu 1991 serikali ya Mengistu ikaanguka wakafukuzwa, wakavuka mto Gilo na wengi wakafia hapo majini, wakapita Pochalla, na 1992 wakaingia Kenya kupitia Lokichoggio, ndiyo kambi ya Kakuma ikaanzishwa. Marekani ilianza kuwachukua mwisho wa 2000, jumla kama 3,800 hivi. Lakini usimwekee safari ambayo hakutembea, wengine walikuja Kakuma miaka ya baadaye kabisa na mama zao, kwa hivyo uliza.

Tarehe ya kuzaliwa nayo, ukikuta makaratasi yanasema 1 Januari ujue hiyo wengi walipewa tu na maofisa. Andika ya makaratasi, halafu uandike na ile ya mama, hata kama anachokumbuka ni msimu tu, mafuriko ya mwaka fulani au mavuno. Majina pia yaandike vile yalivyo kwa kila karatasi, kwa sababu kwa kadi ya rasheni ni hivi, kwa jeshi ni vingine, na ukitafuta rekodi utahitaji yale ya jeshi.

Sasa tafuta watu aliokaa nao kambini, wako hapa Nakuru, wako Eldoret, Kitale, wengine ni voisi tu ya WhatsApp. Usiulize "alikuwa mtu wa aina gani" utaambiwa alikuwa mpole basi. Uliza walilala wangapi kwa nyumba moja, nani alikuwa anapika, rasheni ikichelewa walifanyaje, darasa la kwanza alisomea chini ya mti gani na alikuwa anaandikia nini. Uliza pia siku jina lake lilitoka kwa ubao, kwa sababu majina ya wanaosafiri yalikuwa yanabandikwa na vijana wanasukumana kusoma, ukitaja huo ubao tu utaona mzee anajikalisha vizuri na stori inakuja yenyewe. Na msisahau tiketi ya ndege haikuwa ya bure, ilikuwa mkopo usio na riba na walikuwa wanaulipa pole pole wakishapata kazi, mimi naona hiyo lazima iandikwe, kijana amefika nchi ya watu na deni na akalilipa.

Kwa upande wa jeshi, karatasi unayotaka inaitwa DD 214, ndiyo ile ya kutoka jeshini. Kama mke hana, inaombwa National Personnel Records Center, ofisi ya rekodi za wanajeshi iliyoko St. Louis, Marekani, kwa fomu ya SF-180, bure, na mwambatishe cheti cha kifo. Wanaokubaliwa ni mjane ambaye hajaolewa tena, mzazi, mtoto, kaka au dada. Binamu hapana, mjomba hapana, hata kama ndiye alimlea, kwa hivyo kama mama yuko hapa asaini yeye. Kisanduku cha 11 kinasema kazi aliyofanya, cha 13 medali. Soma hicho cha 11 polepole, maana watu husema tu "alipigana" kumbe alikuwa anaendesha lori za mafuta au alikuwa fundi, andika hiyo kazi vile ilivyo kwa sababu alilala macho akiifanya. Na hiyo karatasi isirushwe kwa grupu, ina namba yake ya Social Security, ile ya siri ya kumtambulisha Marekani.

Kazi yake ya baada ya jeshi ipewe nafasi kubwa, kama alikuwa mkalimani wa hospitali, au posta, au magereza, omba wenzake wa kazi watume voisi ya siku moja wanayoikumbuka, ni bora kuliko barua ya ofisi.

Bendera ya Marekani, ile familia hupewa kwa mazishi ya mwanajeshi, inaleta maneno. Inatolewa moja tu, ikipotea hairudishwi, na mara nyingi inabaki na mjane kule. Kaeni kikao mapema. Ila cheti cha kumbukumbu kinachotoka kwa Rais wa Marekani mnaweza kuomba nakala zaidi ya moja, fomu 40-0247, mama naye apate chake. Mwili ukija nyumbani, bendera ikae juu ya jeneza nyota zikiwa upande wa kichwa, bega la kushoto, na itolewe kabla ya kushusha, isiguse chini.

Siku yenyewe wasifu usomwe na mtu wa Kakuma, kisha kwa lugha ya mama pia. Wazee waliostaafu kutoka kambi ya jeshi ya Lanet waalikwe, watajua kusimama. Mkipata mpiga tarumbeta wa Jeshi la Wokovu mwambieni ajifunze Taps, ule wimbo wa kumuaga mwanajeshi wa Marekani, ni noti 24 tu.

Na ukifika saiba kuchapa programu, yule kijana atakuambia kurasa zimejaa, punguza maneno. Mwambie atoe picha mbili za yunifomu, kurasa za Kakuma zibaki.