Anayejiona: mkatalie jambo dogo mapema

Mbinu hii ya kumtambua mtu anayejiona nimeipata kwa rafiki anayefanya kazi ya ushauri nasaha, na inafaa sana kwa mchumba mpya au mtu anayetaka mfungue biashara pamoja. Mkatalie jambo dogo, bila maelezo marefu: "Leo sitaweza kuja, tuonane Jumamosi." Kisha tulia, umtazame. Mtu wa kawaida atasikitika kidogo, atasema sawa, mtapanga upya. Anayejiona yeye ndiye yeye huona umemtukana: "Yaani mimi ndiye unaniambia hivyo?" Atakuhesabia fadhila zake zote, au atakununia mpaka uombe radhi. Siku za mwanzo mtu huyu huwa mcheshi na mkarimu kweli kweli, kwa hiyo ukimsifu au ukimkubalia kila kitu hutaona lolote. Imani yake kwamba anastahili kutangulizwa hujitokeza anapokataliwa. Usihukumu kwa mara moja. Mwenye msiba au madeni naye hufoka. Kwa bosi au mzee wa ukoo kipimo hiki hakifai, maana wamezoea kutiiwa kwa nafasi zao. Wala hakimnasi yule wa kimyakimya anayejibu "hamna shida" halafu akakusema kwa watu. Na usimbandike mtu ugonjwa: DSM-5, mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, una vigezo 9 vya ugonjwa wa kujiona kupita kiasi (narcissism), na mtaalamu lazima athibitishe angalau 5. Kama ameshawahi kukupiga au kukutishia, usimpime kabisa. Mweleze kwanza mtu unayemwamini.