Umeongeza vifaa kwenye pikipiki ya zamani na umeme umevurugika? Pima hivi

Pikipiki ilikuwa nzima. Ukafunga taa za ziada, labda na chaja ya simu na alamu, na wiki haikuisha: asubuhi betri haina moto, fyuzi inakatika, au indiketa zote nne zinawaka kwa pamoja. Nakusihi, usinunue betri wala rektifaya (kifaa kinachogeuza na kudhibiti umeme wa kuchaji betri) kabla ya kupima. Katika kazi hii nimeona watu wakibadilisha betri mbili mfululizo kwa sababu ya waya mmoja uliochunika chini ya tenki. Mara nyingi kifaa kipya hakina ubovu wowote. Kosa huwa katika namna kilivyoungwa, au kuna udhaifu wa miaka mingi ambao mzigo mpya umeufichua.

Andaa multimita (kipimo cha umeme), msasa laini, fyuzi za akiba za ukubwa ulioandikwa kwenye kisanduku chake, na balbu ya wati 21 iliyofungwa nyaya mbili. Kazi ya hiyo balbu utaiona mbele.

Hatua ya 1: Rudisha pikipiki ilivyokuwa

Chomoa kila ulichoongeza. Kuzima kwa swichi hakutoshi, maana chaja na alamu huendelea kunywa umeme hata zikionekana zimezimwa. Tatizo likiisha, rudisha kifaa kimoja kimoja, na baada ya kila kimoja jaribu kwanza. Likibaki, kagua sehemu ulizofungua wakati wa kufunga: chini ya tenki, chini ya kiti, na hasa kwenye shingo ya usukani. Nyaya za hapo hukunjwa kila unapokata kona, na shaba huweza kukatika ndani huku ganda la nje likiwa zima. Washa taa, zungusha usukani taratibu kutoka kushoto hadi kulia. Taa ikipepesa, umeshapata pa kuanzia.

Hatua ya 2: Betri na chaji

Namba hizi ni za mfumo wa volti 12. Kama pikipiki yako ni ya volti 6, zigawanye kwa mbili. Betri ya asidi iliyojaa na kupumzika saa kadhaa husoma 12.6 hadi 12.8. Ikisoma 12.0 iko karibu tupu, ichaji kwanza, vinginevyo vipimo vinavyofuata vitakudanganya.

Washa injini, ipandishe hadi mizunguko 4,000 au 5,000 kwa dakika, upime kwenye betri. Kati ya 13.5 na 14.5 ni sawa. Ikipita 15, rektifaya haidhibiti tena chaji, betri itachemka na balbu zitaungua. Ikibaki kwenye 12 na kushuka, chaji haifiki. Hapo anza na plagi ya nyaya zinazotoka kwenye koili za kuchajia. Kwenye pikipiki nyingi ni nyaya tatu za njano, na plagi yake huungua polepole hadi ikawa kahawia. Usichomoe betri injini ikiwa inanguruma ili "kujaribu chaji". Umeme hupanda ghafla na kuua rektifaya.

Sasa washa vifaa vyote vya ziada, injini ikiwa kwenye mwendo wa kawaida wa safari. Kipimo kikishuka chini ya 12.8, betri ndiyo inayolipia taa zako. Hesabu ni rahisi: wati gawanya kwa volti unapata ampea. Taa mbili za halojeni za wati 55 zinakula zaidi ya ampea 9, na koili za pikipiki ndogo ya zamani hazikutengenezwa kubeba mzigo huo. Hakuna betri kubwa itakayokuokoa hapo. Punguza wati.

Hatua ya 3: Umeme unaovuja pikipiki ikiwa imezimwa

Toa waya wa hasi kwenye betri. Weka multimita kwenye tundu la ampea 10, ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye waya ulioutoa. Usiwashe swichi wala kubonyeza stata, utaunguza kipimo. Pikipiki ya zamani isiyo na saa wala alamu inapaswa kusoma sifuri au karibu na hapo. Miliampea 50 inaonekana ndogo, lakini kwa siku ni ampea-saa 1.2, betri ya ampea-saa 7 haimalizi siku sita.

Chomoa fyuzi moja moja ukitazama namba. Vifaa vilivyoungwa moja kwa moja kwenye betri havipiti kisanduku cha fyuzi, kwa hiyo vichomoe kwa mkono. Namba ikigoma kushuka, chomoa plagi ya rektifaya. Ikishuka hapo, dayodi za ndani (vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) zinavuja.

Hatua ya 4: Fyuzi inayokatika

Usiweke fyuzi kubwa zaidi, waya utaungua badala yake. Weka ile balbu ya wati 21 mahali pa fyuzi. Kama kuna shoti, balbu itawaka kwa nguvu zote, na haitaruhusu zaidi ya ampea 2 hivi kupita, kwa hiyo una muda wa kutafuta. Tikisa nyaya, chomoa plagi moja moja. Pale balbu inapozima au kufifia ghafla, shoti iko upande uliougusa.

Hatua ya 5: Athi (njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri)

Taa ikiwa imewaka, weka ncha moja ya multimita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye waya wa athi wa taa. Zaidi ya volti 0.2 inatia shaka, na 0.5 ni athi mbovu. Kwangula rangi na kutu mpaka chuma king'ae, au vuta waya wa hasi mpaka kwenye betri kabisa. Mimi hupendelea njia ya pili.

Indiketa za LED

Zikipepesa haraka kupita kiasi, flasha ya zamani (kifaa kinachowasha na kuzima indiketa) inategemea mzigo wa balbu za kawaida; weka ya kielektroniki. Zikiwaka zote nne, tazama dashibodi: kama kuna taa moja tu ya indiketa, imeungwa kati ya upande wa kushoto na wa kulia, na umeme unavukia hapo. Balbu za kawaida hazikuona tofauti, ila LED huwaka kwa umeme mdogo sana. Peleka waya mmoja wa taa ya dashibodi kwenye athi, na ule mwingine uupatie umeme kutoka pande zote mbili, kila upande kupitia dayodi yake.

Unaporudisha vifaa

Taa za ziada zipitishie kwenye rilei (swichi inayoendeshwa na umeme): pini namba 30 kutoka betri kupitia fyuzi iliyo karibu na betri, 87 kwenda kwenye taa, 86 kwenye waya unaopata moto swichi ikiwashwa, 85 kwenye athi. Tupa vibanio vinavyotoboa waya. Maji huingia na shaba huoza. Ukimaliza, rudia kipimo cha hatua ya 3 kabla ya kufunga kiti.