Kunasa kutu kwenye miguu ya tangi kwa faiba

Keateka wa ploti moja Kasarani aliomba nimfungie vipimo vya faiba kwenye mnara wa tangi la maji. Swali lake, faiba itaonaje kutu inayokula miguu ya mnara, huulizwa na wengi, basi fuata hivi.

1. Tumia faiba, yaani uzi wa kioo unaopitisha mwanga, yenye vichujio vya Bragg ndani yake. Kila kichujio hurudisha wimbi moja la mwanga, na wimbi hilo husogea, yaani urefu wake hubadilika, uzi ukivutwa au ukibanwa. Kipimo huona pale tu kilipobandikwa, kwa hiyo chagua sehemu ya chini ya mguu, maji ya mvua yanapotuama na rangi imeanza kuvimba. Bandika viwili, pande zinazotazamana, uchukue wastani; upepo hupinda mguu.

2. Piga msasa, pangusa kwa spiriti, bandika kwa epoksi. Supagluu hushika haraka lakini unyevu huimaliza, siitumii kamwe. Uvute uzi kidogo gundi ikikauka, maana mguu hubanwa na mzigo na uzi uliolegea hauoni kitu. Ukimaliza funika vizuri: chuma ulichokivua rangi kitaota kutu.

3. Unga faiba kwenye mashine ya kusoma mawimbi hayo, soma.

4. Joto. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Kwa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1550, chuma kikivutika sehemu moja kwa milioni, wimbi husogea pikomita 1.2 hivi. Joto likipanda nyuzijoto 1 ya Selsiasi, uzi ulio huru husogea kama pikomita 10; uliobandikwa kwenye chuma, kama 24, kwa kuwa chuma kinatanuka nao. Jua la saa nane likiongeza nyuzijoto 20 juu ya alfajiri, utaona pikomita 480 zisizohusu kutu hata kidogo. Wengi huweka uzi huru ndani ya kijibomba, kisha hutoa usomaji mmoja kwa mwingine. Haitoshi! Pikomita 14 kwa kila nyuzijoto hubaki. Gawanya msogeo wa uzi huru kwa 10, zidisha kwa 24, ndipo utoe kwenye msogeo wa uzi uliobandikwa. Na kijibomba kigusane na chuma, upande uleule. Kikining'inia kinapima hewa.

Hata hivyo napendelea kusoma tangi likiwa tupu na likishajaa, usiku uleule kabla ya jua. Kwenye mgao wa maji nafasi hiyo haikosekani. Andika tofauti ya hizo mbili. Kutu ikipunguza chuma, mzigo uleule hukibana zaidi, na tofauti hukua. Ikiwa leo ni 100 na baadaye 111 kwa ujazo uleule, mguu umeliwa karibu asilimia 10 pale. Tofauti ya miguu yote ikipanda kwa kiasi kimoja, kagua kwanza kiwango cha maji.