Kete mbili za kubaki nyuma kwenye drafti

Ukicheza drafti ya vyumba 64, usizitoe mapema kete mbili za mstari wako wa mwisho: ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kushoto kwako (kona nyeusi ikiwa kushoto). Hizo mbili tu zinatosha kumzuia adui anayekuja na kete moja asiingie kingi, yaani asifike mstari wako wa mwisho na kete yake ikawa mfalme. Akisogea katikati yao analiwa, mradi chumba cha kutua kiwe wazi. Akijibana ukingoni kulia kwako, anakwama. Mbili za katikati hazifanyi kazi hiyo, upande wa kulia kwako unabaki mlango. Ila akija na kete mbili pamoja, jihadhari sana: anatoa moja, unalazimika kula, mlinzi anahama, ya pili inaingia. Na kete nyingine zikiishiwa mwendo, utalazimika kuwasogeza hao walinzi.